Bundi wa Mkongani Hapeleki Barua

Katika vitabu vya Harry Potter, bundi ni tarishi. Anaingia ukumbini asubuhi wanafunzi wakiwa mezani, anaangusha barua, anakwenda zake. Msomaji wa London hapo hucheka. Msomaji wa Mkongani, wadi ya Matuga katika kaunti ya Kwale inayopakana na msitu wa Shimba, husita kwanza. Kwao bundi akitua juu ya paa usiku na kulia, mtu huamka kumfukuza, na kukicha huulizwa ni nani asiyejiweza. Ukurasa ni ule ule, lakini mmoja anacheka na mwenziwe anatazama juu.

Vitabu vya namna hii vimejaa mikononi mwa vijana. Harry Potter cha kwanza cha J.K. Rowling kilitoka mwaka 1997, cha saba na cha mwisho 2007. Kikaja Twilight cha Stephenie Meyer mwaka 2005, kikafuata The Hunger Games cha Suzanne Collins mwaka 2008, na nyuma yao msururu ambao haujakatika. Kusini mwa Pwani vinaingia kwa njia zake: vya mitumba kutoka Mombasa, vilivyoachwa na wageni wa Diani, na vile vya kwenye simu vinavyorushwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine. Wakubwa wengi huviona ni vya kupoteza wakati, hadithi za uongo ambazo mtihani hautaziuliza.

Wakubwa hao hawajaviangalia vizuri. Riwaya ya ajabu ikiandikwa kwa ustadi humfundisha kijana jambo ambalo halina kipindi kwenye ratiba ya shule: amwogope nani, na kwa sababu gani. Hicho ndicho kipimo kinachofaa kutumiwa na msomaji wa Kwale, maana huku hofu haiishii kwenye hadithi.

Kwa miaka mingi magazeti ya Kenya yameripoti habari za wazee wa Kwale na Kilifi waliouawa au kutimuliwa makwao kwa tuhuma za uchawi. Ukifukua chini ya tuhuma hizo, mara nyingi unakuta ugomvi wa shamba, urithi au kijicho tu. Mvi zimegeuzwa ushahidi. Kijana wa miaka 15 anayefungua kitabu chenye neno mchawi hafungui mchezo. Anajua neno hilo limewahi kumfanya nini mzee wa kijiji cha jirani. Kwa hiyo vitabu hivi anavisoma kwa jicho ambalo mwandishi wa Uingereza au Marekani hakulitarajia.

Tuanze na Rowling mwenyewe. Kwa kipimo cha hofu anapata alama nzuri, pengine bila kukusudia. Mtu anayeaminiwa kuliko wote katika shule yake ni Dumbledore, kikongwe mwenye ndevu nyeupe. Uzee wake ndio kimbilio la watoto. Ubaya katika vitabu hivyo hutambuliwa kwa vitendo, si kwa umri wala sura, na zaidi ya mara moja watoto wanamshuku mtu kwa uso wake wakaja kugundua kwamba walikosea. Anapopungukiwa ni mwishoni. Uovu wote umerundikwa juu ya mtu mmoja, Voldemort, na akishaondoka dunia inatulia. Kijijini mambo hayaishi hivyo, na kijana analijua hilo.

Twilight haihitaji maneno mengi. Mnyonya damu wake, Edward, hunywa damu ya wanyama, ngozi yake humetameta juani, na shida yake kubwa ni mapenzi. Afrika Mashariki ilikuwa na mnyonya damu wa kutisha zaidi. Enzi za ukoloni watu walinong'onezana habari za mumiani, na katika miji kama Nairobi wazimamoto walishukiwa kuwakamata wapita njia usiku ili kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya uvumi huo, Speaking with Vampires, kilichotoka mwaka 2000. Hakuuchukulia kama upumbavu wa washamba. Aliutazama kama lugha ambayo watu waliitumia kuuzungumzia utawala uliowanyonya kwa njia wasizoweza kuziona. Mbele ya mumiani, Edward ni kijana wa saluni.

Collins ana uzito zaidi. Katika The Hunger Games, watoto huchaguliwa kwa kura wakauane mbele ya kamera, na serikali inaita jambo hilo sherehe. Katniss, msichana anayewinda porini ili mama na mdogo wake wapate kula, anajifunza polepole kwamba adui yake si mtoto mwenziwe aliye mbele yake na silaha. Adui ni aliyewaweka wote wawili pale. Msomaji wa Kwale hahitaji kuelezwa maana ya wanyonge kugombanishwa ili aliye juu astarehe.

Lakini katika rafu nzima ya Kiingereza, kitabu kinachostahili kusomwa na kila kijana wa Mkongani ni kikongwe kuliko vyote hivyo. Ni A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, cha mwaka 1968. Dunia yake ni ya visiwa na mashua, ya pepo za baharini na watu wanaojua mikondo. Shujaa wake, Ged, ni mtoto mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont, na ngozi yake ni ya hudhurungi. Le Guin aliliweka jambo hilo makusudi, na mwaka 2004 hadithi yake ilipotengenezwa kuwa filamu ya televisheni kwa kumtumia mwigizaji mweupe, alilalamika hadharani.

Ged ana kipaji na kiburi. Akiwa mwanafunzi katika kisiwa cha Roke, anataka kumwonyesha mwenziwe kwamba yeye ndiye bora, na kwa tambo hizo anafungulia kivuli kutoka upande wa giza. Kivuli kinamfukuza kisiwa hadi kisiwa. Nusu ya kitabu anakimbia. Kisha anageuka, anakifukuza yeye, na anapokifikia mwisho wa bahari anakiita kwa jina lake mwenyewe. Kitu alichokuwa akikiogopa kilitoka kwake.

Hebu kitabu hicho kisomwe pale ambapo vijana wameaminishwa kwamba ajali ya pikipiki, mimba iliyotoka na mtihani ulioanguka vimetumwa na bibi wa nyumba ya tatu. Le Guin hatoi hotuba. Hasemi uchawi upo au haupo. Anamchukua kijana mwenye hasira na wivu, anamtembeza na woga wake hadi anapomwona mwenye woga huo. Mikutano ya hadhara na makongamano ya ulinzi wa wazee yana kazi yake, lakini hayaingii ndani ya kichwa cha kijana kwa njia hiyo.

Le Guin alifariki Januari 2018. Mwaka 2022 tuzo ya riwaya yenye jina lake ilitolewa kwa mara ya kwanza, dola 25,000 za Marekani, na aliyeinyakua alikuwa Mwanamombasa. Khadija Abdalla Bajaber alishinda kwa The House of Rust, riwaya yake ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 2021 na Graywolf Press ya Minneapolis baada ya mswada kushinda tuzo ya shirika hilo kwa fasihi ya Afrika.

Mhusika mkuu ni Aisha, binti wa Kihadhrami wa Mombasa. Baba yake mvuvi anatoweka baharini. Aisha anamfuata kwa mashua ya mifupa, akiongozwa na paka anayezungumza wa mwanachuoni. Njiani anakutana na viumbe watatu wa kutisha, na wa mwisho ni Baba wa Papa, mzazi wa papa wote. Anamwokoa baba yake. Hapo ndipo mwandishi mwingine angefunga kitabu, lakini Bajaber anaendelea: binti amerudi nyumbani, kunguru na mbuzi nao wana lao la kusema, na mji unamtaka awe msichana yule yule aliyeondoka.

Mtu wa Pwani akikisoma anakutana na vitu anavyovijua. Kunguru wa Mombasa wanaoiba chapati mkononi mwa mtoto hapa wamepewa akili na siasa zao. Bahari si mandhari ya kadi ya watalii. Ni mahali ambapo mtu anakwenda kutafuta riziki na huenda asirudi. Kitabu kina dosari zake. Sehemu ya pili inajikokota, wanyama wasemaji wanazidi, na sentensi nyingine zimepambwa hadi maana inafichika. Hata hivyo kwa kipimo cha hofu kinashinda. Aisha hapewi upanga wa kichawi. Anapita kwa kusema na viumbe, kuwasikiliza, kubishana nao, kujua kila mmoja anataka nini. Anaogopa, lakini haruhusu woga umchagulie wa kumlaumu.

Kasoro kubwa haiko ndani ya kitabu. Hadithi ya Mombasa, ya mvuvi na paka na papa, iliandikwa kwa Kiingereza, ikahaririwa Marekani na ikapata sifa huko. Bajaber hana kosa. Mwandishi huandika kwa lugha iliyomjia na huchapishwa na anayemfungulia mlango. Swali liende kwa wachapishaji wa Kiswahili: wao walifungua mlango gani kwa ajili ya hadithi kama hiyo?

Si kwamba Kiswahili kilikosa mali. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha jijini London hadithi alizozikusanya Unguja, na miongoni mwake kimo kisa cha Sultani Majinuni. Sultani ana wana saba na paka mmoja. Paka anakula kuku wa watu, anakula ndama, anakula ng'ombe. Wananchi wanakwenda kushtaki, na sultani anawajibu kwamba paka ni wake na wanyama ni wake pia. Paka anazoea, anahamia kwa watu. Hadi anapowaua baadhi ya wana wa sultani ndipo baba mtu anakiri kwamba huyo si paka tena, ni nunda. Mwana mdogo, yule aliyedharauliwa kwa kukaa jikoni, anaapa kumwinda. Kila mnyama anayemuua anampelekea mama yake, na kila mara mama anamwambia siye huyo. Mbwa anakufa, ngawa anakufa, punda milia anakufa, twiga anakufa, wote bila kosa, kabla ya nunda mwenyewe kupatikana.

Riwaya ya kijana inahitaji nini zaidi ya hicho? Mna hatari, mna mdogo anayebezwa, mna mtawala aliyefuga balaa nyumbani kwake, na mna somo la wasio na hatia kuuawa kwa sababu muuaji hajui sura ya anayemtafuta. Andrew Lang alikiingiza kisa hicho katika mkusanyiko wake wa The Violet Fairy Book mwaka 1901, kwa hiyo watoto wa Uingereza wamemjua nunda kwa zaidi ya karne. Ni watoto wangapi wa Tiwi, Msambweni au Lunga Lunga wanaomjua?

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, kusini tu ya mpaka wa Lunga Lunga, aliiona mapema nguvu ya visa vya namna hiyo. Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, kina majini, mji uliogeuka mawe, na ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wanaogeuzwa manyani kwa kumdhulumu ndugu yao. Msingi wake ni kisa cha Alfu Lela Ulela, lakini Shaaban amekivisha mavazi yake. Kila usiku Adili analazimika kuwachapa ndugu zake mijeledi, na kila usiku jambo hilo linamuumiza yeye. Majina yenyewe yanataja chanzo cha balaa: husuda na wivu, ndani ya nyumba moja, baina ya watoto wa baba mmoja. Mzee wa kaya anayesuluhisha kesi za uchawi angekitambua kisa hicho mara moja.

Lakini rafu ya Kiswahili ilielekea kwingine. Kusadikika, kilichotangulia mwaka 1951, kinasimulia nchi inayoelea angani, lakini shabaha yake ni utawala na mahakama. Walenisi cha Katama Mkangi, cha mwaka 1995, kinamrusha Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo, angani hadi nchi ya usawa. Msomaji wa Kwale atatabasamu kwa jina hilo, maana Dzombo ni mlima na wadi ya huku huku. Bina-Adamu! cha Kyallo Wadi Wamitila, cha mwaka 2002, kinamtembeza mhusika wake katika kijiji cha utandawazi chenye mazingaombwe. Ni kazi nzito, na zilikuwa na sababu ya kuvaa ajabu kama vazi. Shaaban aliandika chini ya Mwingereza. Mkangi alikuwa ameonja maisha ya kizuizini miaka ya 1980. Mafumbo yaliwapa nafasi ya kusema.

Tatizo ni kwamba tulisimama hapo. Katika Kiswahili ajabu imekuwa kificho cha hoja ya siasa, kwa wasomaji wazima na wahadhiri wa chuo kikuu. Kijana anayetaka kumfuata nunda usiku kwa sababu anataka kujua nini kitatokea hajaandikiwa vya kutosha. Shuleni anapewa Bembea ya Maisha na Nguu za Jadi, kazi nzuri kuhusu familia, ulevi, ukabila na uongozi, halafu anaambiwa ataje maudhui, wahusika na mbinu za lugha. Hata Siku Njema ya Ken Walibora, safari ya Kongowea kutoka Tanga kwenda kumtafuta baba yake Kitale, riwaya ambayo vijana waliisoma kwa hamu yao wenyewe, ilipoingizwa kwenye mtaala iligeuka mwongozo wa maswali na majibu. Soko la vitabu vya Kiswahili nchini Kenya linaendeshwa na orodha ya vitabu teule. Kisichoingia kwenye orodha hakilipi, na sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliyoviweka vitabu kwenye kodi ya asilimia 16 haikumsaidia mzazi wala mchapishaji.

Kuna watakaopinga. Mzazi mcha Mungu, wa msikitini au wa kanisani, atasema mtoto asiletewe majini na wachawi ndani ya nyumba. Hofu hiyo haipo Kwale peke yake. Nchini Marekani vitabu vya Harry Potter viliongoza orodha ya vilivyolalamikiwa zaidi kwenye maktaba na shule katika mwongo wa 2000 hadi 2009. Mzazi huyo anastahili jibu la heshima. Majini na wachawi wameshaingia nyumbani kwa minong'ono, kwa video za simu na kwa matangazo ya waganga yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme. Kinachokosekana ni hadithi yenye mwanzo na mwisho, inayompa mtoto nafasi ya kufikiri kabla ya kuamini. Bibi waliosema paukwa na kuitikiwa pakawa walifanya kazi hiyo, na hakuna aliyewashtaki kwa kupotosha watoto.

Wengine watasema vijana wa Mkongani wana shida za karo, maji na ndovu wanaoingia mashambani kutoka msituni, na kwamba habari za mashua ya mifupa ni anasa. Lakini kijana huyo huyo ndiye atakayesimama mbele ya nyumba ya mzee siku kundi litakapokuja na mapanga, na siku hiyo ataamua kama anaungana nalo au analikataa. Alichokisoma kina nafasi katika uamuzi huo.

Ardhi ya kuandikia ipo. Shimba ndiko mahali pekee nchini Kenya palahala wanakoishi porini. Kaya Kinondo, iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, bado humtaka mgeni ajifunge kaniki nyeusi kabla ya kuingia, na humkataza kuondoka na hata jani. Mapango ya Shimoni yana kumbukumbu ya watumwa. Mwandishi atakayevigusa hivi awaombe ruhusa wenyewe na asikilize wanachotaka kisemwe na kisichosemwa. Rick Riordan aliwafanya watoto wa Marekani wawajue miungu wa Wagiriki kupitia Percy Jackson, na Tomi Adeyemi akawapeleka katika dunia yenye asili ya Kiyoruba kwa Children of Blood and Bone mwaka 2018. Kazi ya namna hiyo kuhusu Pwani yetu haitafanywa na mtu wa New York.

Hatua ya kwanza haihitaji miujiza. Ida Hadjivayanis alitafsiri upya Alice wa Lewis Carroll kwa Kiswahili mwaka 2015, na mwaka 2022 akatupatia Peponi, tafsiri ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, kupitia Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Kwa hiyo watafsiri wenye uwezo wapo na wachapishaji wenye nia wapo. The House of Rust kiwe kinachofuata, kitafsiriwe na mtu anayeijua Mombasa na bahari yake, kiuzwe kwa bei ambayo mwalimu wa Mkongani anaweza kuimudu. A Wizard of Earthsea kifuate nyuma yake. Kisa cha nunda kitolewe kwenye vitabu vya karne ya 19 na kupewa mwandishi kijana akikuze kiwe riwaya.

Kaunti ya Kwale imetumia fedha nyingi kwa basari, na imefanya vyema. Itenge sehemu ndogo ya fedha hizo kwa vitabu vya Kiswahili vya kusomwa nje ya mtihani katika shule za sekondari, na iwaachie wanafunzi wenyewe wachague. Walimu wasiwaulize mbinu za lugha. Wawaulize ni nani aliyeogopwa katika hadithi, na kama alistahili.